Kukamua Hewa

Nyemo alikuwa na miezi tisa na meno mawili
siku ile, saa ya uji, alipokamua hewa.

Nilidhani anacheza.
Alifumba ngumi, akafumbua, akafumba,
macho kwenye kikombe cha bati,
na dada yangu Perisi akacheka ule mcheko wake usiopimwa,
akainuka kummiminia maziwa.

Hivyo ndivyo nilivyojua
kwamba katika nyumba hii ya Hombolo
kuna mazungumzo yanaendelea
na mimi simo.

Dada yangu hasikii tangu homa ya uti wa mgongo,
mwaka ule wa njaa, mimi sijazaliwa.
Akapelekwa shule mjini. Kila likizo alirudi
vidole vimejaa habari
na sisi tumejaa kazi.
Tulimjulia maneno matatu:
njoo, kula, ng'ombe.
La nne lilikuwa kokoto, tulimrushia mgongoni
akiwa mbali shambani, ili ageuke.
Miaka thelathini na mmoja nimeishi naye.
Maneno matatu na kokoto.

Sasa anamkalisha mtoto juu ya gunia la alizeti,
uso kwa uso, magoti yakigusana,
anamfundisha kama mtu apogoaye mzabibu:
hakati haraka, anangoja jicho lichipue.
Maji. Tena. Imekwisha.
Paka.
Paka kaenda.
Paka kaenda wapi?

Mama alikuja kutoka Mvumi na kuku na onyo:
"Mtamfanya bubu. Mdomo huona uvivu
mikono ikishaufanyia kazi."
Loisi, mke wangu, akamjibu bila kuacha kupepeta:
"Mama, mwezi wa tatu alilia wiki nzima
hatujui ni sikio au ni tumbo.
Siku hizi anatuonyesha sikio."
Mama akanyamaza. Akakoroga mlenda
kwa muda mrefu kuliko mlenda unavyotaka.

Mimi nimejifunza kwa mtoto.
Sioni haya kulisema. Au, naona, lakini nalisema.
Jioni nikitoka shambani, makasi bado kiunoni,
namwiga Nyemo, Nyemo anamwiga Perisi,
na Perisi anavitazama vidole vyangu vigumu
kama mwalimu atazamaye mwandiko
wa mwanafunzi aliyechelewa kuandikishwa.
Nilitaka kusema "mvua".
Nikasema, inaelekea, "mbuzi analia".
Walicheka wote wawili, mmoja kwa sauti,
mmoja kwa mabega.

Na mdomo wa Nyemo haukuona uvivu.
Juzi umesema "maji", wazi kabisa, mbele ya mama,
mama akapiga vigelegele.
Kisha mtoto akamgeukia Perisi
akalisema tena kwa mkono,
kama mtu anayegawa karanga
asiyetaka mmoja akose.

Jana usiku umeme ulikatika.
Upepo wa Agosti, vumbi mlangoni, giza la kuzibwa.
Sisi wenye sauti tukaanza kuitana:
kibiriti kiko wapi, mwangalie mtoto, usikanyage sufuria.
Perisi akabaki peke yake kabisa,
kama anavyokuwaga kila umeme ukikatika,
nami sikuwahi hata siku moja kuliwaza hilo.

Nilipowasha tochi ya simu
nikamwona Nyemo ametambaa hadi magotini pake,
amekishika kiganja cha shangazi yake
na ndani ya kiganja, taratibu,
anafumba, anafumbua.
Hakuwa na njaa. Maziwa alikuwa ameyakataa punde tu.
Lakini ndilo neno alilokuwa nalo karibu.

Nikazima simu, nikakaa gizani.
Kuna neno nalitaka, lina umri kuliko mtoto.
Nyemo halijui, bado hajamkosea mtu.
Itabidi nimwulize Perisi mwenyewe
mkono unakaaje
mtu anaposema samahani.